Jina ni la Nani? Programu Huria, Wakfu na Swali la Kubadili Jina



Sifa zote njema ni za Allah, aliyemfundisha Adam majina ya vitu vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu wasomaji, hapa Bujumbura kikundi chochote cha vijana kikifanya kazi nzuri kwa miaka miwili mitatu, iwe ni kufundisha watoto Qur'ani, kukusanya vitabu au kutengeneza programu ya simu, hufika kwenye mlango uleule. Watu wazima huwaambia: jiandikisheni, andikeni katiba, fungueni akaunti, muwe asbl. Na siku hiyohiyo anatokea mmoja na kusema: kwa kuwa sasa tunakuwa kitu rasmi, tutafute na jina jipya. Wengi huliona hilo kuwa jambo la mapambo, kama kuchagua rangi ya nembo. Mimi naliona kuwa ni swali la haki na amana, na katika makala hii nitajaribu kueleza kwa nini.

Mifano yangu nitaichukua kwa watu wa programu huria. Mimi si mwanafunzi wa kompyuta; nasoma masomo ya Kiislamu. Lakini watu hao wamekutana na swali hili mara nyingi, hadharani, na tarehe zake zinajulikana. Tena mlango wa wakfu katika fiqhi unafanana na kazi yao kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Kilichotolewa na kisichotolewa

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake uko wazi. Mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kumpa mwenzake, kwa masharti ya leseni. Leseni maarufu zaidi, GPL, iliandikwa na Richard Stallman mwaka 1989, na sharti lake kubwa ni kwamba ukiibadilisha programu na kuisambaza, lazima uwape wengine uhuru uleule uliopewa wewe. Waingereza wana neno moja tu, "free", kwa maana mbili. Sisi Waswahili tuna mawili, "bure" na "huru", na programu hizi sifa yao ni uhuru kwanza. Na Mrundi anaposikia jina la Ubuntu, mfumo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, hahitaji kutafsiriwa, kwani kwa Kirundi neno hilo ni utu na ukarimu, na kitu kinachotolewa bila malipo hutolewa "ku buntu".

Sasa tazama jambo moja ambalo wengi hawalijui. Leseni inakupa msimbo, lakini haikupi jina. Jina ni alama ya biashara, nayo ina mwenyewe na sheria yake peke yake. Mwaka 2006 wanajumuiya wa Debian walilazimika kukiita kivinjari cha Firefox kwa jina jingine, Iceweasel, kwa sababu hawakukubaliana na Mozilla kuhusu masharti ya kutumia jina na nembo. Msimbo walikuwa nao wote, ila jina hawakuwa nalo. Kwa miaka kumi, hadi 2016, watumiaji wa Debian walikuwa na Firefox isiyoitwa Firefox.

Kwa hiyo jumuiya inaweza kufanya kazi miaka mingi ikidhani kila kitu ni chao wote, kumbe kitu kimoja, kile ambacho watu wanawajua kwacho, kimo mfukoni mwa mtu mwingine. Siku ya kuunda wakfu ndiyo siku ukweli huo hujitokeza.

OpenOffice na LibreOffice

Mfano mkubwa ni programu ya kuandikia ambayo wengi wetu tumeitumia kuchapa kazi za chuo. Ilianza Ujerumani kwa jina la StarOffice. Kampuni ya Sun Microsystems iliinunua mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikaufungua msimbo wake na kuiita OpenOffice.org. Watu wa nchi nyingi wakajitolea: wengine waliandika msimbo, wengine walitafsiri, wengine walijibu maswali ya wanaoanza. Hata lugha yetu ilipata sehemu yake, maana mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa toleo la Kiswahili wakaliita Jambo OpenOffice.

Mwaka 2010 Oracle iliinunua Sun, na jina likaingia katika mali zake. Tarehe 28 Septemba mwaka huohuo sehemu kubwa ya jumuiya ilitangaza kuunda wakfu wake, The Document Foundation, na kuipa programu jina la LibreOffice. Jina hilo halikukusudiwa kuwa la kudumu. Walimwalika mwenye jina, Oracle, ajiunge nao na alitoe jina la zamani kwa wakfu. Oracle haikukubali. Katikati ya mwaka 2011 ililipeleka jina na msimbo kwa wakfu mwingine, Apache. Wakfu wa LibreOffice ukasajiliwa rasmi Berlin mwaka 2012.

Waliohama walipata uhuru, lakini waliulipia. Kazi nyingi ilihamia LibreOffice, na OpenOffice tangu toleo la 4.1 la mwaka 2014 imekuwa ikipata marekebisho madogomadogo tu. Lakini jina la zamani lilibaki vichwani mwa watu. Mwalimu aliyefundishwa OpenOffice aliendelea kutafuta OpenOffice, akapata programu iliyodumaa bila kujua kwamba watu aliowaamini wamehama. Hali hiyo iliendelea hata Oktoba 2020, miaka kumi baada ya mgawanyiko, The Document Foundation ikaandika barua ya wazi kuwaomba wenzao wa Apache wawaelekeze watumiaji kwenye LibreOffice. Na toleo letu la Jambo OpenOffice lilikuwa limejengewa jina juu ya jina la mwingine. Jina la mama lilipopelekwa huku na kule, watafsiri wa Dar es Salaam hawakuwa na la kusema.

Je, walikosea kubadili jina? Sioni hivyo. Waliliomba jina lao wakanyimwa, na kubaki chini ya mwenye jina kungeiacha kazi ya maelfu ya watu mikononi mwa mmoja. Hiyo ni dharura, na dharura ina hukumu yake. Lakini fiqhi inatufundisha pia kwamba kinachohalalishwa na dharura hupimwa kwa kiasi cha dharura yenyewe. Kisa cha LibreOffice hakimpi ruhusa mtu ambaye jina lake analo na hakuna anayemnyang'anya.

Kisima cha Ruma na programu ya Blender

Upo mfano mwingine unaonikumbusha kisima cha Ruma. Waislamu walipohamia Madina maji matamu yalikuwa haba, na kisima hicho kilikuwa cha mtu aliyeyauza maji yake. Mtume (S.A.W.) alihimiza kinunuliwe, na Sayyidna Uthman (R.A.) akakinunua kwa mali yake akakifanya cha watu wote. Tazama kwamba kisima kiliendelea kuitwa Ruma. Kilichobadilika ni umiliki, na watu wakaendelea kuteka mahali walipopajua kwa jina walilolijua. Kama baadaye watu walikiita pia kisima cha Uthman, hiyo ni heshima waliyompa wao wenyewe.

Mwaka 2002 Ton Roosendaal wa Uholanzi alifanya jambo la namna hiyo kwa Blender, programu ya kuchora picha za pande tatu na katuni. Kampuni iliyokuwa nyuma yake ilifungwa, na wawekezaji walikuwa wameushika msimbo. Aliunda Blender Foundation na kuwaomba watumiaji wachange euro 100,000 ili kuukomboa. Fedha zilipatikana kwa takribani wiki saba tu, na Oktoba mwaka huo msimbo ukatolewa kwa leseni ya GPL. Jina lilibaki Blender, na hadi leo ni Blender. Mchango wa watu uliukomboa msimbo, na jina walilolizoea likaingia katika wakfu pamoja nao.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki tuna Ushahidi. Programu hiyo ilitengenezwa Kenya mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ili wananchi waweze kuripoti kwa simu na mtandao yaliyokuwa yakitokea na kuyaonyesha kwenye ramani. Waanzilishi wake, akina Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walipoigeuza kazi ya siku chache kuwa shirika na kuufungua msimbo wake, wangeweza kusema kwamba jina la Kiswahili litawashinda watu wa nje. Hawakusema hivyo. Tetemeko la ardhi la Haiti lilipotokea Januari 2010, programu ilitumika huko kwa jina lake lilelile. Watu wasiojua neno moja la Kiswahili walijifunza kulitamka, kwa sababu kazi ilikuwa imelitangulia.

Uislamu na kubadili majina

Ndugu msomaji anaweza kuniuliza: Je, Mtume (S.A.W.) mwenyewe hakubadili majina ya watu? Alibadili, na ni vizuri tutazame aliyabadili yapi na kwa nini.

Alibadili majina mabaya. Mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa maana ya muasi, alimwita Jamila. Mtu aliyeitwa Hazn, yaani ugumu, alimtaka aitwe Sahl, yaani wepesi. Yule akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake, na mjukuu wake Said bin al-Musayyab alisema ugumu ule uliendelea kuonekana katika familia yao.

Qur'ani ikabadili jina lenye kusema uongo. Zayd bin Haritha alilelewa na Mtume na watu wakamwita Zayd bin Muhammad. Ilipoteremka aya ya 5 ya Surat al-Ahzab, ikiamuru watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao kwa kuwa huo ndio uadilifu mbele ya Allah, akarudi kuwa Zayd bin Haritha. Jina la kwanza lilikuwa la heshima kubwa kuliko la pili, na bado liliachwa kwa sababu halikuwa kweli.

Lakini jina jema lililopatikana kwa kazi njema hakuligusa. Hilf al-Fudul, mapatano ya watu wa Makka ya kumtetea aliyedhulumiwa, yalifanyika kabla ya utume. Mtume aliyashuhudia akiwa kijana, na baada ya Uislamu aliyataja kwa sifa na kusema kwamba angeitwa kwayo angeitikia. Hakusema kwamba dini imekuja, basi tuyape jina jipya.

Tukiyaweka pamoja tunapata kipimo: jina hubadilishwa linapokuwa na ubaya, au linaposema uongo kuhusu nasaba ya kitu. Tuongeze na la tatu, dharura, kama ile ya LibreOffice. Nje ya hayo matatu, jina lililojengwa na watu waliojitolea liachwe. Hata jiji letu linaingia katika kipimo hiki. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1962 jina la kikoloni la Usumbura liliondoka, likaja Bujumbura. Aliyekuwa akiutawala mji ameondoka, na jina alilokuwa akiliita halikuwa tena na sababu ya kubaki. Watu hawakubadili jina ili mji uonekane mpya.

Hoja ya upande wa pili

Wako wanaosema kwamba haya yote ni kulikuza jina kupita kiasi. Wanayo hoja, na ina nguvu. Mafaqihi wana kanuni kwamba kinachozingatiwa katika mikataba ni makusudio na maana, si matamshi na maumbo yake. Na katika Surat an-Najm, aya ya 23, Allah anawaambia washirikina kwamba masanamu yao si chochote ila majina waliyoyapachika wao na baba zao. Basi ikiwa kazi ni ileile, kwa nini tugombane kwa herufi?

Tena wanaweza kututajia Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria. Mwakilishi wa Makuraishi alikataa mkataba uandikwe kwa jina la Muhammad Mtume wa Allah, na Sayyidna Ali (R.A.) akashindwa kulifuta kwa mapenzi yake. Mtume (S.A.W.) mwenyewe akakubali lifutwe, paandikwe Muhammad bin Abdillah. Ikiwa cheo kitukufu kuliko vyote kiliweza kuondolewa kwenye karatasi kwa ajili ya amani, jina la programu au la kikundi ni kitu gani?

Nakubaliana na hoja hii nusu. Ni kweli kwamba jina si kitu cha kufia, na jumuiya inayokaribia kuvunjika kwa ajili ya jina imesahau ilikuja kufanya nini. Lakini tazama nani aliyetoa na alitoa nini pale Hudaybiya. Aliyekubali kufutiwa ndiye mwenye cheo, hakuna aliyemfutia nyuma ya mgongo wake. Na jina lililoandikwa badala yake lilikuwa la kweli, maana yeye ni mwana wa Abdillah. Mwenye haki anaweza kuisamehe haki yake. Swali letu ni tofauti: Je, watu watano waliokaa kwenye meza ya kuandika katiba wana haki ya kulitoa jina lililojengwa na watu mia tano wasiokuwepo mezani?

Hapo ndipo ile kanuni ya makusudio inaporudi upande wangu. Tukiangalia maana badala ya umbo, jina la jumuiya ni kumbukumbu ya kuaminiwa. Yule aliyekesha akitafsiri na yule aliyejibu maswali ya wageni hakuandikiwa mshahara popote. Alichoacha ni kwamba jina likitajwa, watu wanaamini. Ukilifuta bila kumuuliza, umeifuta hati pekee ya kazi yake hapa duniani, hata kama ujira wake kwa Allah haupotei.

Na tuseme ukweli kuhusu sababu inayotajwa mara nyingi zaidi, japo kwa sauti ya chini: wafadhili. Jina la mtaani linaonekana dogo, la Kiswahili au Kirundi linaonekana la kienyeji, lenye harufu ya dini linaogopwa. Basi linatafutwa jina la Kifaransa au Kiingereza lisilosema lolote. Sisemi kila mwenye kufanya hivyo ana nia mbaya. Nasema tu kwamba jina zuri halisafishi kitu. Surat at-Tawba, aya ya 107, inataja waliojenga msikiti kwa ajili ya madhara na kuwafarikisha waumini. Kiliitwa msikiti, na hakuna jina tukufu zaidi kwa jengo, lakini Mtume (S.A.W.) alikatazwa kusimama ndani yake. Na pale jina dogo lilipofanya kazi kubwa, kama Ushahidi, halikuhitaji kubadilishwa ili liheshimiwe.

Jina liwekwe wakfu

Kwa maoni yangu, swali la kama tubadili jina linakuja likiwa limechelewa. Swali la kwanza ni kwamba jina ni la nani, na jibu lake litolewe mapema.

Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi Khaybar alimwendea Mtume (S.A.W.) kumtaka shauri. Akamshauri azuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Umar akaiweka kwa masharti: haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na msimamizi ale kwa wema bila kujilimbikizia. Watu wa programu huria walijua vizuri kutoa mazao, yaani msimbo, ila mara nyingi walisahau kuzuia asili, yaani jina. Hata jina la Linux lilisajiliwa na mtu mwingine huko Marekani katika miaka ya 1990, na ilibidi ifunguliwe kesi kabla halijarudi kwa Linus Torvalds mwaka 1997.

Kwa Kiswahili tumezoea kuyaita mashirika ya namna hii "wakfu". Basi tuipe haki yake maana ya neno hilo. Vijana wanaotengeneza leo programu ya nyakati za swala au kamusi ya Kirundi na Kiswahili, na jumuiya zetu za wanafunzi kwa jumla, wafanye mambo manne kabla ya kwenda kusajili.

Kwanza, waandike tangu mwanzo kwamba jina si la mwanzilishi wala la aliyelipia tovuti, bali ni la jumuiya, na haliuzwi wala halirithiwi. Pili, wasilibadili ila kwa mojawapo ya sababu tatu nilizozitaja: ubaya, uongo au dharura. Tatu, ikibidi kulibadili, wafanye shura ya kweli pamoja na waliojitolea, wakiwemo waliokwisha kuondoka chuoni. Nne, jina jipya litaje nasaba yake, ili mwenye kutafuta la zamani aonyeshwe njia. Zayd hakuficha alikolelewa, na LibreOffice haifichi kwamba ilitoka OpenOffice.

Sisi wanafunzi tunapita. Kila mwaka wapo wanaohitimu na wapo wanaoingia, na viongozi wanabadilika kabla hatujazoea sauti zao. Kinachotuunganisha na waliotutangulia, ambao wengi wao hatujawahi kuwaona, ni jina walilotuachia na sifa iliyomo ndani yake. Allah ametuamrisha katika Surat an-Nisaa, aya ya 58, kuzirudisha amana kwa wenyewe. Jina hili nalo ni amana, na wenyewe ni wengi kuliko waliomo ukumbini siku ya mkutano.

Tunamwomba Allah atujaalie ikhlasi katika kazi zetu, zinazojulikana na zisizojulikana. Wallahu a'lam.